Makala ya Kumkomesha Wifi Yangu

Makala yangu ya kwanza maishani ilisahihishwa na mtu yuleyule niliyekuwa nimekusudia kumwangamiza nayo.

Alikaa kwenye kitanda changu, kalamu nyekundu mkononi, akasoma ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Mimi mwenye makala nilisimama mlangoni na kujikuna shingo.

Akafuta maneno matatu tu. Nitawaambia ni yapi, lakini si sasa hivi.

Kwanza mjue jinsi nilivyomchukia yule mwanamke.

Ni dada wa mume wangu. Amenizidi miaka minne, na anaishi kwetu, chumba cha mbele, kile nilichokuwa nimekipigia hesabu ya kuweka cherehani yangu. Mpole huyo. Unamgombeza, anakujibu kwa sauti ya chini mpaka wewe ndiye unaonekana mgomvi.

Mimi ni mgomvi, sikatai. Ila sipendi kuonyeshwa.

Kazi nilimtafutia mimi. Tulikuwa karakana ya kushona sare, wanawake kumi na mmoja. Nilimwomba Bosi ampe nafasi ya kupiga pasi, akampa. Miezi sita haijaisha, Bosi akamkabidhi ufunguo wa mlango. Ufunguo ule nilikuwa nimeungoja miaka mitano.

Nilimpongeza hata. Nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kushona kola.

Sasa sikilizeni habari ya kibendera, maana yote yanaanzia hapo.

Pasi yetu ilikuwa kubwa na ya siku nyingi, taa yake ilishakufa. Ilikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Ukiwa mlangoni huwezi kujua kama inawaka au imezimwa. Basi tukajiwekea utaratibu. Anayewasha pasi anatundika kipande cha kitambaa chekundu kwenye msumari ulio karibu na mlango. Anayezima anakitoa. Anayefunga jioni anatazama msumari. Ukiwa mtupu, anafunga anakwenda zake.

Nani alikuwa akiingia nyuma ya pazia kuhakikisha? Hakuna. Miaka yote hiyo, hakuna.

Siku ile wifi alifunga saa kumi na moja jioni. Saa kumi na mbili moshi ukaanza kutoka madirishani.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini cherehani zote, majora ya vitambaa, oda nzima ya sare za shule, vyote vikawa majivu. Watu kumi na mmoja tukarudi nyumbani kukaa.

Wifi alisema jambo moja tu, na hakulibadilisha hata siku moja. "Nilikuta msumari mtupu. Kibendera hakikuwepo."

Aliyecheka wa kwanza ni mimi. Tulikuwa tumesimama uani, vumbi la majivu puani, nikacheka kwa sauti nikasema, "Kibendera kimepata miguu." Wenzangu nao wakacheka. Kuanzia hapo hakuna aliyemwamini tena.

Miezi miwili ikapita. Tukasikia Bosi amepata chumba kingine na anaanza kuita watu mmoja mmoja. Tukasikia pia kwamba kuhusu wifi bado anafikiria.

Anafikiria nini? Mtu kakuunguzia karakana, wewe unafikiria nini? Nilichemka jamani.

Ndipo nikakumbuka gazeti.

Mtaani kwetu kuna gazeti dogo la kila Ijumaa. Ukurasa wa sita wanaweka makala za wasomaji kuhusu kazi zao. Bosi huusoma ule ukurasa kuliko anavyosoma sura za wafanyakazi wake. Nikasema, hapo hapo. Nitaandika, atasoma, wifi hatarudi kazini wala kuinua uso mtaani.

Tatizo, sikuwahi kuandika makala. Kuandika kwangu mimi ni kiuno, kifua, urefu wa mkono.

Lakini hasira ni mwalimu mwenye haraka. Nilijifungia chumbani asubuhi, mchana nikatoka na kurasa nane. Nikajisomea mwenyewe nikajipigia makofi.

Nikazipeleka kwa mhariri.

Mhariri yule watu wanamwita Wembe. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la kuchapa, sakafu inatetemeka mashine zikianza. Mzee mwembamba, miwani imefungwa uzi. Hakuniambia karibu. Alinyoosha mkono, akachukua kurasa zangu, akasoma ya kwanza, akazirudisha.

"Haya ni matusi," akasema. "Makala iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, mzee."

"Dada, humu umemwita mtu shetani mara nne kabla sijajua anafanya kazi gani. Unataka msomaji ajue nini? Nipe kwa sentensi moja."

"Ajue wifi yangu ndiye aliyeunguza karakana."

"Nani alimwona?"

"Kila mtu anajua."

"Sikukuuliza nani anajua."

Nilitamani kumpiga na ile mashine yake ya kubania karatasi.

"Unaanza kushona kabla hujapima?" akauliza.

"Hapana."

"Basi nenda ukapime. Iandike ile sentensi yako moja juu ya karatasi. Chini yake andika kila kitu kinachotakiwa kiwe kweli ili sentensi hiyo isimame. Kisha nenda ukaulize watu. Mmoja mmoja, usiwakusanye, watu wakikusanyika wanaimba wimbo mmoja. Niletee ile siku ya moto saa kwa saa, nani alikuwa wapi, na nani alimwona. Andika yote, hata watakachokuuliza wewe. Ukimaliza ndipo utapanga: nini kinaanza, nini kinafuata, nini kinafunga. Na huyo wifi yako umemuuliza?"

"Kumuuliza nini? Ni mwongo."

"Unayemwandika lazima umuulize. Hujamuuliza, siichapi. Funga mlango ukitoka."

Nilishuka ngazi natukana kimoyomoyo. Lakini sikuwa na gazeti lingine.

Nilitoa karatasi kubwa za kukatia vipimo, zile za kaki, nikabandika moja ukutani juu ya kitanda. Juu nikaandika: *Wifi ndiye aliyeunguza karakana.* Chini nikachora mistari ya saa, kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni.

Mume wangu akaingia, akasimama, akasoma.

"Hiki bado ni chumba cha kulala, au nije na wakili?"

"Niache."

"Huyo ni dada yangu, mama."

"Na mimi ni mkeo. Niache."

Akachukua mto wake akaenda kukaa sebuleni. Mwanaume yule hana ugomvi hata wa dawa, ni ukoo wao.

Nikaanza kuzunguka. Siku ya kwanza nilikwenda kwa mkataji wetu. Tulimwita Mita, kwa sababu utepe wa kupimia haumtoki shingoni, nadhani hata kuoga anaoga nao. Nilitaka aniambie wifi alikuwa mzembe. Yeye akaanza kunieleza vitambaa. Cha bluu kilibaki kiasi gani, cheupe kiasi gani, chekundu kilikwisha saa sita mchana, akaomba kingine hakikuja. Niliandika yote kwa sababu Wembe alisema niandike yote, lakini nilikuwa napiga miayo.

Mshona vifungo akanipa kilicho bora zaidi. Alimwona wifi kwa macho yake akiwasha pasi baada ya chakula cha mchana na kutundika kibendera. Saa tisa Bosi akamtuma wifi kufuata vifungo ghalani, upande wa pili wa mji.

"Alivyotoka kibendera kilikuwepo?"

"Kilikuwepo. Nilipita hapo."

Basi kilikuwepo. Basi wifi anadanganya. Nikakimbia nyumbani nikaandika kwa herufi kubwa kwenye mstari wa saa tisa.

Bosi naye alinijibu kwa simu, kwa kifupi. Wifi alirudi saa kumi na moja kasoro, wengi wameshaondoka. Alitua mzigo wa vifungo, akafunga mlango.

Wengine wote nilikuwa nimeshawauliza. Amebaki mmoja.

Nilimkuta jikoni anachambua mchele. Ana alama ya kuungua kwenye mkono wa kushoto, ndefu, ya pasi, ya miaka mingi, na akifanya kazi hukunja mikono ya gauni ikaonekana. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake na daftari langu.

"Wifi, nakuuliza kwa ajili ya gazeti."

"Uliza."

"Ulipofunga mlango, uliangalia pasi?"

"Niliangalia msumari."

"Sikukuuliza msumari."

Akaacha mchele. "Wewe ulishawahi kufunga siku Bosi alipokuachia ufunguo. Uliwahi kuingia nyuma ya pazia?"

Wembe alikuwa amesema niandike na ninachoulizwa, kwa hiyo nikaandika: *hapana, hata mimi sikuwahi.*

"Kibendera hakikuwepo," akasema. "Nikajua kuna aliyeizima pasi."

"Una shahidi?"

Akatabasamu, na mimi tabasamu lile sikulipenda.

"Andika, wifi. Andika vizuri, ichapwe. Na uweke jina lako chini, kubwa."

Akarudi kwenye mchele wake.

Siku ya tisa nilirudi kwa Wembe na karatasi ya kaki imekunjwa kwapani. Akaitandaza mezani, akaishikilia pembe kwa vikombe. Alisoma polepole, kidole kinatembea juu ya mistari. Nikajua safari hii atanisifu.

"Watu kumi na mmoja," akasema. "Humu nawaona kumi."

"Nani amekosekana?"

"Wewe."

"Mimi nilikuwa nashona. Nitakuwa wapi?"

"Jaza."

Nikachukua kalamu. Asubuhi, kola. Mchana, aproni za duka la mikate, kumi na mbili, nyeupe zenye mfuko mwekundu. Zilikuwa zinatakiwa saa kumi kamili. Saa tisa na nusu, namaliza aproni ya mwisho. Saa kumi, nimezifikisha dukani. Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja nyumbani. Nikamsukumia karatasi.

Akasoma. Kidole kikapanda mpaka saa sita, kikashuka mpaka saa tisa na nusu. Kikapanda tena.

"Mkataji wenu anasema kitambaa chekundu kilikwisha saa sita."

"Ndiyo."

"Na wewe saa tisa na nusu umeshona mfuko mwekundu."

"Ndiyo."

"Ulikitoa wapi?"

Mashine za chini zikaanza kuchapa. Sakafu ikatetemeka, vikombe vikagongana.

Nilifungua mdomo nimjibu. Jibu la haraka lilikuwepo: "Kwenye mfuko wa mabaki." Lakini nilikuwa nimeupekua mfuko wa mabaki siku ile, nakumbuka, niliumwaga wote chini, hapakuwa na chekundu. Nilikuwa natukana. Dakika zinakwenda. Nikainua macho, yakatua kwenye msumari.

Kibendera chetu tulikuwa tumekibadilisha Jumatatu ya wiki ile ile. Kipande kipya, cha jora lile lile. Ukubwa wa mfuko wa aproni.

Nilisema nikirudi nitatundika kingine. Nilisema hivyo kwa sauti kabisa, peke yangu, na pini mdomoni.

Sikurudi.

"Dada," Wembe akasema, "maji yako hapo."

Sikunywa. Nilikunja karatasi yangu nikatoka, na mzee yule hakuniuliza kitu, namshukuru kwa hilo.

Msifikiri nilikwenda kutubu. Nilikwenda duka la mikate. Nilitaka nione ile aproni, nishike mfuko, niukute hauna tundu la msumari, nilale. Na kama tundu lipo, nawaambia ukweli wangu wote, nilikuwa na mkasi kwenye mkoba.

Nikazikagua zote. Wauza mikate wakanigeuzia mifuko, wakicheka, wakidhani ni ukaguzi wa fundi. Zenye mshono wangu zilikuwa kumi na moja, moja ilikuwa ya mkono mwingine.

"Yangu ya kumi na mbili iko wapi?"

"Ile ilichukuliwa na fundi mwenzako," akasema muuzaji. "Mwezi uliopita. Alikuja kununua mkate, akaukodolea macho mfuko wake, akaomba aivue mwenzangu, akalipapasa pindo la mfuko. Akasema ina kasoro, akanishonea nyingine bure. Dada mmoja mpole, ana kovu hapa." Akajigusa mkono wa kushoto.

Nikakaa juu ya gunia la unga.

Mwezi mzima. Mwezi mzima wifi amekaa na ile aproni chumba cha mbele, anakula na sisi, ananiitikia salamu. Anasubiri. *Uweke jina lako chini, kubwa.* Alikuwa anasubiri nichapishe uongo wangu mbele ya mtaa mzima ili aende kwa Bosi na ule mfuko mkononi.

Unajua kilichonijia kwanza? Hasira. Mimi nimemkosea, na mimi ndiye niliyekasirika. Nilimwita nyoka njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nilipofika nikaibandika karatasi ukutani tena, nikaitazama ile sentensi. *Wifi ndiye aliyeunguza karakana.* Vitu vyote vya kuifanya isimame nilikuwa nimevikusanya mwenyewe, na vyote vilikuwa vimeniangukia mimi.

Nikaikata kwa kalamu. Nikaandika nyingine: *Kibendera nilikichukua mimi.*

Sitajifanya malaika. Nilianza kuandika kwa woga, kwa sababu aproni ilikuwa chumba cha mbele na sikuwa na pa kukimbilia. Lakini ukishapanga saa zako vizuri, maandishi yanakwenda. Nilianza na msumari. Nikafuata na pazia ambalo hakuna aliyelifunua. Nikaweka aproni ya kumi na mbili. Nikaweka kicheko changu cha uani, hicho niliandika nikiwa nimefumba macho. Kurasa nane za matusi zikawa kurasa mbili na nusu, hakuna shetani hata mmoja.

Halafu nikakumbuka sheria ya Wembe. Unayemwandika lazima umuulize.

Nikamwita chumbani kwangu, nikampa.

Ndipo alipokaa kitandani. Akasoma. Alipofika mwisho akarudi katikati, na ile kalamu nyekundu niliyoitumia kwenye karatasi ya ukutani, akafuta. Akanionyesha.

Nilikuwa nimeandika: *Kwa bahati mbaya, wifi yangu akalaumiwa.*

"Hiyo bahati mbaya ni nani?" akauliza, kwa ile sauti yake ya chini. "Kibendera, sawa, ulisahau. Lakini mimi sikulaumiwa na bahati. Ulinilaumu wewe."

Akachukua kalamu tena akaiandika upya mwenyewe: *Nikamlaumu wifi yangu.*

Nikasema, "Nisamehe, wifi."

"Sijakusamehe," akasema. "Nilikuchongea jeneza, mwenzangu, nikalipiga na msasa. Unadhani nafurahi kurudi nalo tupu? Lakini hii makala ni nzuri. Ipeleke."

Akaenda chumbani kwake, akarudi na aproni, akaiweka juu ya kitanda. Nikaukunjua mshono wa mfuko. Tundu la msumari lilikuwa pembeni kabisa, nilikuwa nimelificha kwenye pindo bila kujua nalificha.

Wembe aliisoma amesimama. Alinirudishia karatasi moja tu, ile yenye maandishi ya wifi.

"Huu mwandiko mwingine wa nani?"

"Wa huyo niliyemuuliza."

Akakaa chini, akaichapa ilivyo.

Ijumaa ikafika. Mchana Bosi akapiga simu, akaomba kuongea na wifi. Jumatatu wifi akarudi kazini na ufunguo shingoni. Mimi niliambiwa nisubiri kwanza, na bado nasubiri. Mtaani nikipita watu wananyamaza, halafu mtu mmoja nyuma ananong'ona "kibendera". Nimestahili.

Nyumbani tunasalimiana. Hatupendani, msije mkadanganyika. Lakini juzi alinipitia na gauni la mteja wake, akauliza, "Hili pindo ungelifanyaje?" Nikamwonyesha.

Mfuko ule aliufumua wote, akaupeleka karakana mpya. Sasa uko kwenye msumari, tundu lile lile. Na ameweka sheria yake: msumari uwe mtupu au usiwe mtupu, anayefunga lazima aingie nyuma ya pazia.

Wengi mmeniuliza makala inaandikwaje kama ndio mtu unaanza. Mimi nimeandika moja tu, na imenigharimu kazi, lakini ninachokijua ni hiki. Andika sentensi yako moja. Ulizia kila kitu kinachoishikilia. Chora siku nzima, na kabla hujajaza saa za mtu mwingine yeyote, jaza za kwako.

Na ukikuta umeandika "kwa bahati mbaya", futa mwenyewe, kabla hajaja mtu kukufutia.